Jina la Askari na Hati Yake

Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya kazi iliyotuchukulia siku nyingi ofisini kuliko kazi nyingine zote, nayo ni maombi ya askari wa zamani, na ya wajane na watoto wao, wanaotaka hati za utumishi zisahihishwe na nishani zisizotolewa zipatikane. Waliopigana vita vya 1939 hadi 1945 na wangali hai ni wachache sana sasa, na umri wao wakaribia miaka mia au umeipita. Lakini maombi hayapungui, kwa kuwa wajukuu wameyashika. Kwa hiyo yafaa tuelewane sawasawa juu ya kinachoombwa, njia ya kukiomba, na mpaka wake.

Kwanza yatupasa kujua jambo moja ambalo wengi hawalijui. Nishani za vita vya 1914–18 aghalabu zilichorwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Lakini nyota na nishani za vita vya 1939–45 zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa jina. Nyota ya Burma iliyovaliwa na askari wa Kitui ni sawa kabisa na ile iliyovaliwa na askari wa Manchester, na ikiokotwa sokoni, hakuna awezaye kusema ni ya nani. Jina la askari limo katika hati peke yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya mtu ni mali. Basi mwenye kutafuta nishani na aanze kwa kutengeneza hati.

Makosa yalitoka wapi? Walioandikishwa katika King's African Rifles, ambayo watu waliiita Keya, na katika vikosi vingine vya Afrika Mashariki, walikuwa watu wa lugha nyingi, na karani aliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia. Mmoja alitoa jina la baba yake, mwingine la ubatizo, mwingine lile aliloitwa na rika lake. Mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa kwa kutazamwa uso, au kwa kuhesabu tangu njaa fulani. Vita vilipokwisha, mtu yule yule alipewa kipande kwa jina la pili, na baadaye kitambulisho kwa jina la tatu. Leo hati hizo tatu zikiwekwa mezani, ofisa asiyemjua huona watu watatu.

Kosa jingine ni la vikosi. Mzee atasema, “Mimi nilikuwa wa kumi na moja.” Lakini ni kumi na moja ipi? Palikuwa na Batalioni ya 11 ya Keya, iliyokuwa ya Kenya. Tena palikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ambayo ndani yake mlikuwa na batalioni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, nchi ambayo leo yaitwa Malawi. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 katika mvua kubwa na malaria, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin. Pamoja nayo walikwenda madereva, wapiga mizinga na wauguzi, ambao hawakuwa watu wa Batalioni ya 11 hata siku moja. Ombi likitaja batalioni mahali pa divisheni, mtu hutafutwa katika daftari ambalo hakuandikwa kamwe, na barua hurudi.

Tutoe mfano mmoja. Mzee mmoja mwanachama wetu, aliyekuwa dereva, alitujia mwaka 2011. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kilisema alitumika Afrika Mashariki tu, na jina lililokuwamo lilikuwa la baba yake. Nishani ya Vita alikuwa nayo, lakini Nyota ya Burma hakupewa, ijapokuwa aliendesha lori katika bonde lile lile la Kabaw. Ofisi iliyohusika ilirudisha ombi mara mbili. Mara ya kwanza ilisema mtu huyo hajulikani. Mara ya pili ilisema kikosi kilichotajwa hakikuwa na jina lake. Wanawe wakataka tuandike barua ya ukali. Mzee akakataa, akasema, “Barua ya ukali haina namba. Wapelekeeni namba.”

Namba yake aliikumbuka yote, na herufi zake za mbele, akiitamka kama alivyoitamka kwenye paredi. Tukatafuta tena. Ikapatikana picha ya mwaka 1945 yenye ubao wa kombania yake ya malori. Ikapatikana barua aliyomwandikia dada yake. Naye akala kiapo mbele ya hakimu kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Ilibaki shida moja. Wanawe walikuwa wameongeza katika ombi kwamba baba yao alistahili nishani ya ushujaa, kwa kuwa ofisa wake alimwambia huko vitani, “Jina lako nimeliandika.” Tuliomba orodha za mapendekezo ya nishani zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, zitazamwe, na jina halikuonekana. Alipoambiwa, mzee alinyamaza kitambo, kisha akaagiza neno hilo lifutwe.

Baada ya miezi 14 jibu lilikuja. Jina lilisahihishwa, Burma ikaandikwa, na Nyota ikafuata. Mzee aliomba barua isomwe kwanza, tena mara mbili, mbele ya wajukuu, ndipo kifurushi kifunguliwe. Alifariki mwaka uliofuata, na jina lililo juu ya kaburi lake ni lile lililo katika hati.

Tumejifunza nini? Ombi moja liombe jambo moja. Kusahihishwa jina ni ombi, kuongezwa mahali alipotumika ni ombi la pili, na nishani ni la tatu, nalo hutegemea yale mawili. Namba iandikwe juu ya kila ukurasa. Kila neno liwe na ushahidi wake, na ushahidi wa siku zile una nguvu kuliko kumbukumbu ya leo. Batalioni nyingi ziliandika shajara ya kila siku ya vita, na nyingi za hizo zimo Kew; shajara haitaji kila askari, lakini yaonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani. Hapa Nairobi, Nyaraka za Taifa zina mafaili ya ofisi za wilaya za zamani, nayo yafaa kuulizwa. Tena pelekeni nakala tu, hati yenyewe ibaki nyumbani.

Kuchelewa kusiwavunje moyo. Sajenti Nigel Leakey wa Keya aliuawa huko Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, na Victoria Cross yake ikatangazwa Novemba 1945, zaidi ya miaka 4 baadaye. Lakini mpaka upo nao. Wengi wamesikia kwamba Idi Amin alipigana Burma. Yajulikana kuwa aliingia Keya mwaka 1946, vita vimekwisha. Alipotawala Uganda alijivika nishani kubwa kubwa kwa amri yake mwenyewe. Hati iliyo sahihi humkatalia mtu wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo humshuhudia dereva wetu. Tukiongeza uongo mdogo katika ombi moja, tutakuwa tumedhoofisha maombi ya wengine wote waliotutuma.

Kadhalika wako waliokufa. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya 1914–18, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni mwezi huo huo. Wapagazi wa vita vile ndio waliouachia mtaa wa Kariokor jina lake, na sanamu ya mpagazi imesimama Kenyatta Avenue, lakini jina la mpagazi hata mmoja halimo pale. Wenye barua, cheti, au habari ya babu aliyekwenda asirudi, walete. Tume hiyo hupokea maombi ya kusahihisha majina, ikiwa yana ushahidi.

Mwisho, twawaonya juu ya watu wapitao nyumba kwa nyumba wakiahidi mamilioni kutoka Uingereza, wakichukua ada, na pamoja na ada wakichukua cheti chenyewe. Ada ikipotea, mtu aweza kutafuta nyingine. Cheti kikipotea, mjukuu hatakuwa na mahali pa kuanzia.

Chama kimefungua daftari maalum. Kila jamaa ya askari yaombwa kuleta habari nne: namba, jina lililoandikwa jeshini, majina mengine yote aliyoitwa, na kikosi. Wazee walio hai waandikwe kwanza, na wasioweza kutembea tutawaendea nyumbani kila Jumamosi. Hatuahidi nishani. Twaahidi kwamba kila jina litakaloletwa litaandikwa kama mwenyewe alitamkavyo, na kusomewa kwake kabla wino haujakauka.