Ng'ombe Anayetafuna Mifupa: Linda Miguu Yake Mapema

(Mazungumzo na wafugaji siku ya josho)

Leo nazungumzia ng'ombe anayechechemea wakati kwato zake ni safi, hana mwiba wala kidonda. Wengi wetu tukimwona hivyo tunasema "ameteguka", tunamchoma moto mguuni, kisha tunasubiri. Naomba tuangalie jambo hili upya, kwa sababu mara nyingi ugonjwa ulianza miezi kadhaa kabla ya kuchechemea, na dalili yake ya kwanza mlikuwa mkiiona kila siku malishoni.

Kano na mfupa

Nyama ya mguu haishiki mfupa yenyewe. Inashikwa na kano, ile mishipa migumu myeupe ambayo kina mama wanaijua wanapokata nyama. Kano nyingine zinafunga mfupa kwa mfupa kwenye viungo. Pale kano inapoingia kwenye mfupa ndipo uzito wote wa mnyama unapovutwa.

Fikiria kamba ya ndama na kigingi. Kamba inaweza kuwa nzima na imara, lakini udongo ukilegea, kigingi kinang'oka. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe. Mfupa ukidhoofika, kano inauma pale iliposhika, inaanza kuachia, na mwisho inaweza kung'oka pamoja na kipande cha mfupa.

Kwa nini mfupa unadhoofika?

Mfupa ni ghala. Karibu kalsiamu yote ya mwili, na kiasi cha asilimia 80 ya fosforasi, vimewekwa humo. Nyasi zikikauka, fosforasi yake hupungua sana. Lakini ng'ombe bado ananyonyesha, na kila lita ya maziwa inatoka na karibu gramu 1 ya fosforasi. Asipoipata kwenye malisho, mwili wake unaichota mifupani. Ndiyo maana wanaoumia zaidi ni ng'ombe wa maziwa, wenye mimba na mitamba wanaokua.

Magadi na chumvi ya kawaida ni vizuri, mifugo inavipenda, lakini havimpi ng'ombe fosforasi anayoihitaji. Ng'ombe anaweza kulamba magadi kila wiki na mifupa yake ikaendelea kulegea.

Dalili, kwa mpangilio wake

1. Ng'ombe anatafuna mifupa, ngozi kavu, vijiti, matambara au anakula udongo. Hii ndiyo ya mapema. Kijana mchungaji, ukiiona, sema nyumbani jioni hiyo hiyo.
2. Anakonda, maziwa yanapungua, anachelewa kupata joto.
3. Anatembea kwa hatua fupi, mgongo umepinda, anabaki nyuma ya kundi, anapenda kulala.
4. Anaugua ukimgusa kisigino, ile ncha iliyochomoza nyuma ya mguu wa nyuma. Pengine pamevimba.
5. Kisigino kinashuka karibu na ardhi, hawezi kujiinua. Hapo kano huenda imeng'oka. Mara nyingi hutokea anapoteleza kwenye tope la kisimani au anapojitahidi kuinuka, kwa kuwa ng'ombe huinua sehemu ya nyuma kwanza.

Usichanganye na magonjwa mengine

Wengi wakichechemea kwa pamoja na wanatoa udenda, huo huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Toa taarifa, usihamishe mifugo. Paja likivimba ghafla na ukilibonyeza linasikika kama majani makavu, hicho huenda ni chambavu.

Kuna hatari nyingine ndani ya mifupa hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Arnold Theiler na wenzake huko Afrika Kusini walionyesha kwamba ng'ombe wenye upungufu wa fosforasi walitafuna mifupa ya mizoga na kula sumu iliyokuwemo. Ng'ombe huyo hulegea mwili, ulimi na shingo, hawezi kumeza, na hufa. Mnyama wa namna hiyo asichinjwe kuliwa. Mwiteni afisa mifugo.

Ufanye nini nyumbani

Nunua madini ya kulamba ambayo maandishi ya mfuko yanataja fosforasi. Kama huwezi kusoma, mwombe mtoto wa shule akusomee. Weka kwenye kihori kilichoinuliwa, penye kivuli, na fuata kipimo kilichoandikwa. Usingoje kiangazi kikali. Fedha ikiwa ndogo, anza na wanaonyonyesha na wenye mimba.

Okoteni mifupa karibu na boma na kisima, mchome au mfukie kwa kina. Msiitwange kuwalisha ng'ombe.

Aliyekwisha kuchechemea asiende malisho ya mbali. Mpelekee maji na majani. Mlaze kwenye mchanga au nyasi, mgeuze upande mara kadhaa kwa siku. Usimwinue kwa kuvuta mkia wala kumfunga kamba mguuni. Kano iliyobaki nusu ndiyo inamalizikia hapo. Na moto tuuache. Kuchoma kunaongeza kidonda na kuharibu ngozi, hakurudishi madini mfupani.

Kama kano imeng'oka kabisa kwa ng'ombe mkubwa, ni nadra kupona. Mwite mtaalamu mapema aamue, mnyama akiwa bado na nyama na nyama ikiweza kukaguliwa. Ukisubiri wiki tatu, utabaki na ngozi yenye vidonda. Kama alidungwa dawa, uliza siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa au nyama.

Na punda?

Kwa punda tatizo huja kwa njia nyingine. Anayelishwa pumba tupu kila siku hupata fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili huchota kalsiamu mifupani. Taya na uso huweza kuvimba, kano huuma, naye hukataa mzigo. Kina mama mnaobeba maji kwa punda, pumba ziwe nyongeza tu, chakula chake kiwe nyasi na majani.

Ndugu zangu, bei ya mfuko mmoja wa madini ni ndogo mbele ya bei ya ng'ombe wa maziwa aliyeshindwa kuinuka. Leo jioni mifugo ikirudi, simameni mlangoni mwa boma mwangalie nani anabaki nyuma, na muulizeni mchungaji nani ametafuna mfupa.