Nani Atabaki na Mifugo?

Somo: Yohana 5:1-9

Twasema leo na ninyi mlio majumbani Kisauni, Likoni na Changamwe, na ninyi mlio kazini saa hizi mkisikiliza redio ndogo kando ya geti. Hasa ninyi wa geti, kwa maana mazungumzo ya leo yametoka kwenu.

Katika somo letu twamwona mtu aliyelala kando ya birika la Bethzatha, naye alikuwa hawezi kwa muda wa miaka 38. Bwana akamwuliza kama ataka kuwa mzima. Yule mgonjwa hakujibu ndiyo wala siyo. Alijibu kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Wengi wetu tumelihubiri somo hili kana kwamba mtu yule alikuwa akitafuta udhuru. Sisi wenyewe tumelihubiri hivyo, tena si mara moja, tangu tulipotoka chuo cha theolojia na madaftari yetu mkononi. Aliyetusahihisha ni mlinzi mmoja wa Bamburi.

Mlinzi huyo ni kijana wa Kisamburu, na jina lake hatutalitaja. Alishuka pwani wakati wa ukame ule mkubwa, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mapema mwaka 2023. Ng'ombe wa baba yake wakafa, wakasalia wachache pamoja na mbuzi. Mdogo wake akabaki na mifugo, naye akaja kutafuta mshahara, kama walivyokuja ndugu zake wengi tunaowaona bara ya Mombasa, wengine getini, wengine kwenye maghala, wengine ufukoni wakiuza shanga. Chumba chao kilikuwa Mtopanga, watu sita, nao walilala kwa zamu. Watatu wakienda lindoni, watatu waliingia kulala mahali pale pale ambapo pangali na joto la wenzao. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilifungwa daima kwa sababu ya wezi na mbu.

Jioni za Jumapili alikuja ibadani akaketi nyuma. Tulianza kusikia kikohozi chake mwezi wa Mei. Tukamtania kwamba hewa ya bahari haijamkubali. Mama wa nyumbani kwetu akampa tangawizi, ndimu na asali. Duka la dawa likamwuzia chupa ya dawa ya kifua, akaimaliza, akanunua ya pili, akanunua na ya tatu. Mwezi wa Juni mshipi wake ukatobolewa tundu jingine. Agosti alikuwa akiloa jasho usiku hali ameketi tu. Nasi tulimwona kila juma, wapenzi, tukampa mkono mlangoni tukamwambia Mungu akubariki.

Asubuhi moja ya Septemba tulipita Bamburi tukamkuta akifukia kitu mchangani kwa mguu. Ilikuwa damu.

Tukamwuliza, "Ndugu yetu, mbona hukwenda hospitali? Dawa za kifua kikuu hazilipiwi."

Akatujibu, "Pasta, nikienda, nani atakaa na geti?"

Tajiri wake alikuwa amemwambia kwamba siku moja ya kukosa ndiyo siku ya mwisho ya kazi. Na akifukuzwa, mdogo wake hapati ile pesa ya kila mwisho wa mwezi kwa simu, na bila pesa hiyo mbuzi watauzwa mmoja mmoja. Tena posa yake ilikuwa mezani, na wazee wa upande wa msichana wakisikia habari ya kifua watarudisha maneno. Haya yote aliyasema taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapiga hesabu usiku mwingi. Kisha akaongeza jambo lililotunyamazisha. Alisema, "Kwetu ng'ombe akikohoa tunamtenga siku ile ile, hanywi maji na wenzake. Sasa mimi nikikohoa, ninyi mtanifanya nini?"

Tafadhali liangalieni neno hilo. Twapenda kusema kwamba wafugaji huchelewa hospitali kwa sababu ya ujinga, kwamba hawajui ugonjwa. Mtu huyu tangu utoto anaijua homa ya mapafu ya ng'ombe. Katika kundi zima atamsikia mmoja anayepumua vibaya, atamtoa kabla jua halijatua. Ni nani kati yetu wa mjini awezaye kufanya hivyo? Ajabu ni kwamba mtu wa namna hiyo alikaa na kifua chake mwenyewe miezi minne. Ng'ombe hutibiwa pale anaposimama, na daktari wa mifugo huja na sindano yake hata malishoni. Mchungaji ndiye anayeambiwa aliache kundi aende. Naye, kwa kuwa anajua anavyofanywa ng'ombe anayekohoa, hafanyi haraka kujulikana.

Wale waliofanya kazi katika nchi za ufugaji, Samburu, Marsabit, Wajir, Garissa na Tana River, watakuambia mambo hayo hayo. Zahanati i mbali, na leo familia iko hapa, mwezi ujao imefuata maji mahali pengine. Kikohozi huanza polepole, kikahesabiwa ni cha vumbi, au cha baridi, au cha kazi nzito. Hutangulia supu ya mbuzi yenye mizizi, kisha mganga, kisha dukani. Anayefika hospitali ya kwanza mara nyingi hupewa dawa ya kikohozi tu akarudishwa, na safari ya pili ni mbuzi mwingine wa kuuza. Mwanamke ana mzigo zaidi, kwa maana mbuzi si wake kumwuza, na safari yahitaji ruhusa. Tena kuna wanaoamini kwamba ugonjwa huu hurithiwa katika damu ya ukoo, hivyo mgonjwa mmoja akitajwa, binti zote za nyumba ile huchelewa kuolewa. Mtu hufichwa kwa kuwalinda wengine. Hata baada ya hayo yote, tiba yenyewe ni miezi sita. Mwambie mtu ambaye nyumba yake hubebwa mgongoni mwa ngamia kwamba akae mahali pamoja miezi sita!

Wala tusidhani ni shida ya wafugaji peke yao. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu, na karibu wagonjwa wanne katika kila kumi hawakuwa wamegunduliwa. Wanaume walizidi wanawake zaidi ya mara mbili. Wako mabasini, wako kivukoni Likoni, wako katika viti vyetu vya kanisa.

Kabla ya kurudi kwa mlinzi wetu, twende Wajir kidogo, maana huko swali lake lilikwisha kuulizwa zamani, na mtu akalijibu. Miaka ya 1970 alikuwako huko mwanamke Mwitalia, Annalena Tonelli. Alikuwa Mkatoliki, naam, na sisi Waanglikana hatupungukiwi kitu kwa kumsifu. Aliona wagonjwa wa kifua wakianza dawa, kisha wakiondoka na ngamia wao kabla ya kupona. Wodi ya hospitali iliwatisha, maana mtu wa nyika akilazwa chini ya dari hujiona amekwisha kuzikwa. Basi mwaka 1976 ukaanzishwa mpango ambao mgonjwa alikuja na kibanda chake mwenyewe, akakisimamisha uwanjani karibu na wenzake, jamaa yake wakaweza kuja kumwona, na kila siku akameza dawa mbele ya mtu. Mahali hapo pakaitwa manyatta ya kifua kikuu, na manyatta kama hizo zikaenea kaskazini mwa nchi yetu. Baadaye, miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani likazihimiza nchi zote kwamba mgonjwa ameze dawa mbele ya shahidi. Dada huyo aliuawa kwa risasi mwezi wa Oktoba 2003 huko Borama, akiwa bado anawahudumia wagonjwa wa kifua.

Hakuwahubiria wafugaji kwamba wanachelewa. Aliuliza ni nini kinachowachelewesha, akaiondoa sehemu ile iliyokuwa katika uwezo wake.

Sisi hatukuwa na uwanja wala dawa. Tulichokuwa nacho ni wazee wawili wa chama cha wanaume, mmoja mstaafu wa reli. Tukawaambia habari ya geti. Asubuhi ya pili, saa kumi na mbili, yule mstaafu alikuwa amekwisha kuketi pale Bamburi na fimbo yake na chupa ya chai. Walishika lindo kwa zamu siku tatu. (Mmoja wao alisinzia, tusifiche, lakini hakikuibwa kitu.) Tajiri alipoona geti lake lina mtu, hakuwa na neno la kusema.

Makohozi yalitiwa katika mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na jibu likawa ndilo. Wenzake watano wa Mtopanga wakaitwa wapimwe. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, alikuwa nao pia bila kujua. Wengine wakapewa dawa za kuzuia. Mama mmoja wa Mothers' Union, jirani na geti, akakubali kuwa shahidi wa vidonge kila asubuhi kabla hajaenda sokoni.

Hapo twatamani tungeweza kusema kwamba mambo yalikwisha vizuri. Lakini habari zilienea, na Jumapili moja tukakuta karatasi ndani ya kapu la sadaka, haina jina, ikituomba yule mlinzi asipewe kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Wapenzi, yale maneno ya ng'ombe aliyetengwa yaliturudia usoni. Alikuwa ametuuliza tutamfanya nini, na kapu la sadaka ndilo lililomjibu. Sijui alisikiaje, lakini majuma matatu hakuonekana.

Basi lisemwe hapa redioni, lisikike hata jikoni. Kifua kikuu huenda kwa hewa, mtu anapokohoa au kusema mahali palipofungwa. Hakiendi kwa kikombe, wala sahani, wala kupeana mkono. Wako wachache wanaokipata kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, na kwa hiyo maziwa yachemshwe, lakini walio wengi hukipata kwa hewa. Mgonjwa akiisha kutumia dawa sawasawa majuma machache, kwa kawaida haambukizi tena. Anayeogopwa huyo siye wa kuogopwa. Wa kuogopwa ni kikohozi kisichopimwa, kwa kuwa mtu mmoja asiyetibiwa aweza kuwaambukiza watu 5 hata 15 kwa mwaka, na wasiotibiwa karibu nusu yao hufa. Kanisani kwetu hatari ilikuwa ni madirisha, ambayo tulikuwa tumeyapigilia misumari kwa sababu ya njiwa. Tumeyafungua. Njiwa wamerudi.

Yule mstaafu wa reli ndiye aliyemfuata Mtopanga. Hatujui walisemezana nini. Jumapili ya nne waliingia pamoja, wakaketi pamoja nyuma, na wakati wa Ushirika mzee akajipanga nyuma yake, akakinywea kikombe baada yake. Mwandishi wa karatasi ile huenda alikuwako akatazama.

Wenyeji wa Kisauni mnakijua Kengeleni. Kengele ile ya Freretown iliwekwa ili iwaonye watumwa waliokombolewa kwamba watekaji wanakuja. Ilipolia usiku, hakuna aliyesema ngoja tuone kama italia tena juma lijalo. Kikohozi cha majuma mawili, jasho la usiku, homa, kukonda, damu katika makohozi, ndugu, kengele imelia. Nenda hospitali ya serikali iliyo karibu, hata ile ya Likoni au Port Reitz, ukaseme wazi kwamba unataka kupimwa kifua kikuu. Na wewe uliye jirani ya anayekohoa, kabla ya kumwuliza kwa nini haendi, mwulize ni nani atakayeshika kazi yake akienda.

Mlinzi wetu alimaliza dawa mwezi wa Machi. Akaenda kwao likizo. Juma lililopita alitupigia simu, upepo ukivuma hata tukamsikia kwa shida. Alisema mdogo wake amekuwa akikohoa juma la tatu sasa, kwa hiyo amempandisha lori la kwenda Maralal akapimwe. Tukamwuliza yeye mwenyewe yuko wapi. Akacheka, akasema yuko malishoni, yuko na mbuzi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwona yule asiye na mtu, mwangalie kijana aliye njiani kwenda Maralal leo. Uwape saburi wanaomeza vidonge mwezi wa tatu na wamechoka. Utusamehe karatasi ile. Ubariki wote wanaokesha usiku huu kwenye mageti yetu. Amina.