Mgonjwa wa Akili na Njia ya Kurudi Nyumbani

Hotuba iliyotolewa Mafiga, Morogoro, mbele ya jamaa wa wagonjwa na watumishi wa afya. Inachapishwa kwa manufaa ya wananchi wa Visiwani wenye jamaa waliolazwa.

Nitazungumza nanyi juu ya kazi ya Ofisa Ustawi wa Jamii katika wodi ya wagonjwa wa akili.

Hospitali ya Lutindi, Korogwe, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, na ile ya Mirembe, Dodoma, ikafunguliwa mwaka 1927. Kwa miaka mingi aliyeugua maradhi haya alisafirishwa mbali na kwao. Katika miaka ya 1980 Serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, iliichagua mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro iwe ya majaribio ya kuifikisha huduma hii katika hospitali za mkoa, vituo vya afya na zahanati. Shabaha ilikuwa mgonjwa atibiwe karibu na watu wake.

Hata hivyo, ukaribu wa hospitali peke yake haumrudishi mtu nyumbani. Daktari hutibu maradhi, na muuguzi husimamia dawa na usalama wa wodi. Ofisa Ustawi huuliza mengine: Nani alimleta? Alikuwa na kazi gani? Shamba lake analilima nani sasa? Watoto wake wanakula kwa nani? Majibu ya maswali hayo huchangia sana kuamua kama mgonjwa atatulia nyumbani au atarejeshwa wodini baada ya muda mfupi.

Kazi hii yataka kuzijua mila za watu. Kwa Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli katika mambo ya ukoo na ardhi yake. Mgonjwa wa Matombo au Mgeta anaporuhusiwa, kuzungumza na baba peke yake huenda kusitoshe, kwani mjomba asiposhirikishwa, mtu aweza kurudi akakosa mahali pa kulima. Kwetu Unguja na Pemba, Sheha ndiye mtu wa kwanza wa kuonwa.

Ndugu wananchi, lipo jambo zito ambalo sharti tulizungumze waziwazi. Wapo wagonjwa waliokwisha kupata nafuu ambao hakuna anayekuja kuwachukua. Anwani iliyoandikwa siku ya kulazwa haimfikishi mtu popote. Hatuwalaumu jamaa kwa haraka. Wengine walikesha miezi mingi, walivunjiwa vyombo, walitumia akiba yote kwa waganga, na wanaona haya mbele ya majirani. Lakini mtu mwenye nafuu anayebaki wodini hupoteza mazoea ya kazi, hupoteza mahali pake katika nyumba, na hatimaye huvunjika moyo. Aliyetibiwa akaachwa huwa amepona nusu tu.

Kwa hiyo tunawaomba yafuatayo:

Kwanza, toeni anwani ya kweli, pamoja na jina la mjumbe au Sheha.

Pili, mtembeleeni mgonjwa wenu hata kama hazungumzi nanyi. Anayeonekana kutosikia aweza kukumbuka nani alikuja.

Tatu, kabla hajaruhusiwa, njooni tukae pamoja tukubaliane nani atamsimamia dawa, na ni zahanati ipi atakayoendelea kutibiwa.

Nne, msisimamishe dawa au sindano kwa sababu tu amepata nafuu. Yaelekea nafuu hiyo inashikiliwa na dawa yenyewe. Muulizeni daktari kwanza.

Tano, mpeni kazi anayoiweza: kuchota maji, kupalilia, kukaa dukani. Mtu anayetegemewa na wenziwe hupata sababu ya kuamka asubuhi.

Ofisa Ustawi aweza kuifungua njia ya kurudi. Mlango wa nyumba hufunguliwa na wenyewe.