Haki na Wajibu Mbele ya Dira ya Maji



Ziwa Tanganyika li karibu nasi, lakini maji yake hayafiki majumbani pasipo pampu, dawa na mabomba, na hayo yote yana gharama. Ibara ya 8 ya Katiba yatamka kwamba lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi, na kwamba Serikali itawajibika kwao. Kwa hiyo mtumiaji wa maji si mwombaji. Ni mwenye haki, naye ana wajibu.

Haki ya kwanza ni kulipia ulichotumia. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kila mwezi soma dira yako, andika tarakimu na tarehe, kisha linganisha na ankara. Tarakimu zikitofautiana, lalamika. Zikilingana lakini uniti zimezidi matumizi yako, funga koki zote na uitazame dira. Ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja upande wako, na matengenezo ni juu yako. Ikisimama, omba dira ichunguzwe.

Malalamiko yaanzie kwa Mamlaka ya Maji ya Kigoma/Ujiji, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Usiporidhika na jibu, yapeleke EWURA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kuwatetea watumiaji.

Asiyeridhika asivunje dira wala kujiunganishia maji kinyemela. Hilo ni kosa kisheria, na anayeumia kwanza ni jirani aliye mwisho wa bomba. Vilevile, bomba likipasuka njiani, tutoe taarifa siku ileile. Ibara ya 27 yatutaka kulinda mali ya umma.

Serikali nayo ina wajibu wa kusikiliza. Kabla ya kuidhinisha bei mpya, EWURA hukusanya maoni ya wananchi. Tuhudhurie na ankara zetu mkononi, kwani asiyesema siku hiyo hulipa bei iliyosemewa na wengine.

Tunawasihi mwanze leo: daftari moja, kalamu moja, na tarakimu za dira. Mwenye kumbukumbu hudai haki yake bila ugomvi.