Figo za Pwani Zipimwe Pwani

Maoni ya leo yanahusu figo, na itabidi nianzie Moshi kabla ya kurudi nyumbani Tanga.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na wataalamu wa Hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Hawakukaa hospitalini kungojea wagonjwa waje. Walipiga hodi kwenye kaya 346, mjini Moshi na vijijini, wakapima watu wazima 481. Wakakuta kwamba watu 7 katika kila 100 wana maradhi sugu ya figo. Mjini walikuwa 15 katika 100, vijijini 2. Na katika kila 10 waliokutwa nayo, mmoja tu hivi ndiye aliyekuwa na habari.

Hesabu hizo zinatisha, lakini iliyonikosesha raha mimi ni nyingine. Karibu nusu ya waliokutwa na maradhi hayo hawakuwa na presha, hawakuwa na kisukari, wala hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Sisi watangazaji, pamoja na madaktari tunaowaalika studioni, kila Siku ya Figo Duniani inapofika mwezi Machi tunasema yale yale: chunga sukari, chunga presha. Ni kweli tupu, na tuendelee kuyasema. Lakini kama karibu nusu ya wagonjwa wa Moshi hawakuugua kwa njia hiyo, kilichowaharibia figo ni kitu gani? Na wa kwetu je? Wa Pangani, wa Mkinga, wa Muheza? Mazingira yetu si ya Moshi, na nasema bila kuzunguka kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa niaba yetu. Figo za watu wa Pwani zipimwe hapa hapa Pwani.

Kwanza tuelewane figo inafanya nini. Mama anapokamua tui, kifumbu hupitisha tui kikazuia machicha. Figo nazo zina vifumbu, ila hivi ni vidogo mno kuonekana kwa macho, karibu milioni moja katika kila figo, na kwa siku huchuja lita 180 hivi. Karibu maji yote hurudi mwilini. Kinachotoka ni lita moja au mbili za mkojo. Kifumbu kikichakaa, machicha hupenya: protini iliyopaswa kubaki kwenye damu inaonekana kwenye mkojo. Na mwenyewe hasikii kitu. Mgongo ukituuma tunasema ni figo, kumbe mara nyingi ni misuli tu. Figo inayokufa taratibu haiumi. Uso ukianza kuvimba asubuhi, viatu vikabana, mtu akahema kwa kupanda ngazi chache, sehemu kubwa ya uharibifu imeshatokea.

Sasa tuangalie ya kwetu, na la kwanza ni kichocho. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye mabwawa, vijito na madimbwi ya maji baridi, pale pale watoto wanapoogelea na kina mama wanapofua. Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa kwenye mishipa ya damu kandokando ya kibofu. Mayai yake yakinasa kwenye ukuta wa kibofu na kwenye mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mirija hukakamaa na kuziba. Mkojo unarudi nyuma, figo inajaa maji, na nyama yake inasagika pole pole.

Hili si jambo la kukisia. Mwaka 1966 watafiti Forsyth na Macdonald walichapisha uchunguzi wao wa wanafunzi wa skuli ya Donge, Unguja, wakieleza madhara ya kichocho kwenye njia ya mkojo ya watoto wale, watoto waliokuwa wakiingia darasani kila siku kama wenzao. Ng'ambo ya mpaka wa Kenya pale Horohoro, Msambweni katika Kwale, watafiti wa Kenya na Marekani waliwafuatilia wanafunzi katika miaka ya 1980 na kuwapa dawa. Wadigo wa Kwale na Wadigo wa Mkinga ni ndugu, na konokono hajui mpaka. Leo vidonge vya prazikwanteli vinagawiwa mashuleni, na mtoto akitibiwa mapema madhara mengi ya kibofu hupona. Ninayemfikiria mimi ni mtu mzima. Wapo waliokulia vijijini mwetu wakikojoa damu utotoni na wazee wasishtuke, wakidhani ni jambo la mtoto wa kiume kukua. Mtoto wa miaka kumi aliyekojoa damu mwaka 1975 leo ana umri wa miaka sitini hivi. Ameshaacha kukojoa damu, ameshasahau. Ni nani aliyemwangalia figo zake?

La pili ni dawa za maumivu. Mpagazi wa sokoni, mvuvi anayevuta nyavu, mkata mkonge, wote wanaijua diklofenaki, na dukani unauziwa hata vidonge viwili. Dawa za kundi hili hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu mwenye afya akizinywa siku mbili tatu kwa jino, kwa kawaida hapati shida. Lakini anayezinywa miezi na miezi, akishinda juani, maji hanywi ya kutosha, na pengine presha anayo bila kujua, huyo anazichosha figo zake kila jioni anapotafuta usingizi. Simlaumu. Mgongo unauma, na kesho kazi inamngoja.

Mitishamba nayo sitaishutumu kwa jumla. Mkoa huu una historia ya heshima katika jambo hili: miaka ya 1990 TAWG, kikundi cha hapa Tanga cha kupambana na UKIMWI, kiliwaweka pamoja madaktari wa Hospitali ya Bombo na waganga wa jadi kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Lakini iko mimea inayoua figo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1990, wanawake waliokunywa dawa ya kupunguza unene iliyochanganywa na mmea wa jamii ya Aristolochia waliharibikiwa figo, wengine wakaishia kwenye mashine. Tusipochunguza mizizi inayochemshwa huku kwetu, tunabaki na hofu upande mmoja na sifa upande wa pili, na hakuna aliye na ushahidi.

Na sukari haijasimama. Mwaka 1989 Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata 1 katika 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta 9 katika 100 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Waliopimwa si wale wale, na mmoja ulikuwa wa vijijini tu, kwa hiyo tusizilinganishe kama bei za sokoni. Lakini aliyeishi Ngamiani, hapa mjini Tanga, miaka yote hiyo ameuona mwelekeo kwa macho yake.

Liko jambo moja la kisayansi ambalo naomba msikilizaji unipe subira, maana linamgusa moja kwa moja mtu mwembamba wa kijijini. Ukienda kupimwa figo, mara nyingi hutolewa damu ikapimwa kreatinini. Kreatinini ni taka inayotokana na misuli. Figo zikizembea, inajaa kwenye damu. Sasa mchukue bibi wa Pangani wa miaka 65, mwembamba, mlo wake muhogo na kisamaki kidogo. Misuli yake ni midogo, kwa hiyo kreatinini anayoitengeneza ni ndogo. Figo zake zinaweza kuwa zimechoka na karatasi ya maabara ikasema ni nzima.

Kanuni za kukokotoa nguvu ya figo kutoka kwenye kreatinini zilitungwa ughaibuni. Ile ya mwaka 2009, iliyoenea dunia nzima, ilimwongezea mtu mweusi asilimia 16 hivi, kwa kutegemea vipimo vya Wamarekani weusi. Nyongeza hiyo iliondolewa huko Marekani mwaka 2021. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini uliohusu watu zaidi ya 2,500. Hawa walipimwa kwa njia ya uhakika: unadungwa dawa inayotolewa mwilini na figo, kisha unapimwa damu mara kadhaa kuona inavyopungua. Kanuni za kreatinini zikaonekana kuzipamba figo, zikizitaja kuwa nzuri kuliko zilivyo. Kipimo cha protini nyingine ya damu, sistatini C, kilikaribia zaidi ukweli. Nikisoma hayo, ile 2 katika 100 ya vijiji vya Moshi hainipi tena faraja niliyoipata mara ya kwanza.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa upande wa tiba. Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, ikisaidiwa na madaktari kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa ushirikiano na Wajapani. Nafurahia kila ndugu anayempa nduguye figo akarudi nayo nyumbani. Ila kabla ya kufika huko ipo mashine ya kusafisha damu: kwa utaratibu kamili mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kwa mwaka ni mara 156, saa 624 umelala umechomwa sindano mbili mkononi, damu ikitoka na kurudi. Na aliyepandikizwa atakunywa dawa za kuilinda figo ile maisha yake yote. Dawa za kumchelewesha mtu asifike hapo zipo na zimethibitishwa. Losartan na enalapril, dawa za presha, ni za siku nyingi na bei yake inavumilika. Na kwa miaka ya karibuni zimekuja dawa za kundi la dapagliflozin, zilizotengenezwa kwa ajili ya sukari, ambazo utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa huchelewesha figo kufeli hata kwa asiye na sukari. Zote zinamfaa zaidi aliyegunduliwa mapema kuliko aliyechelewa.

Na kugundua kunaanza na kikaratasi. Kila mama mjamzito aliyehudhuria kliniki anakijua: unakojoa kwenye kikopo, nesi anachovya kijiti, anasubiri kidogo, kile kidoa cha njano kikibadilika kuwa kijani kuna protini. Kijiti hicho hakijali una misuli au huna. Naomba viongozi wa afya wa mkoa wetu wahakikishe kwamba kila anayehudhuria kliniki ya sukari au presha, tangu Maramba hadi Mkwaja, anachovyewa kijiti hicho, halafu wenye mashaka wapimwe damu.

Zaidi ya hapo, ufanyike uchunguzi wa kaya kwa kaya kama ule wa Moshi, wenye maswali ya Pwani ndani yake: kichocho cha utotoni, dawa za maumivu, mizizi, chumvi ya ng'onda. Uwezo upo. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ina kituo chake hapa Tanga, na watafiti wa mkoa huu wamezunguka vijiji vyetu kwa miaka mingi kwa ajili ya malaria na matende. Wengi mnakumbuka damu ya matende ilivyochukuliwa usiku, kwa taa, kwa sababu vijidudu vyake hujitokeza kwenye damu usiku. Watu waliamka usingizini wakatoa vidole vyao kuchomwa, tena kwenye pwani ambayo hadithi za mumiani hazijafa.

Kwa hiyo nina ombi kwa watakaoifanya kazi hiyo. Kila atakayetoa damu na mkojo aandikiwe majibu yake kwenye kadi, kwa Kiswahili, pamoja na jina la zahanati atakayokwenda na siku ya kwenda. Na dawa iwepo siku hiyo.