Kukopesha ni kazi ya kujifunza: maneno yetu kwa vijana wa Kolwezi

Tunajua kuna wengine kati yenu walioacha leo kutembeza dosie za kuomba kazi ili wakae hapa pamoja nasi.

Tunataka kusema juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tuliisomea bila kuijua jina: kazi ya krediti. Ni kazi ya kujua nani apewe mkopo, kiasi gani, kwa muda gani, na namna ya kuurudisha bila kumvunja yule aliyeuchukua. Kolwezi iko na banki, iko na mikrofinansi, iko na COOPEC, iko na mama karata na papa karata wanaopita sokoni kila asubuhi. Iko pia na Banki Lambert ya mtaani, ile isiyouliza maswali mingi lakini inashika karata yako ya banki mpaka umalize kulipa. Feza inazunguka. Ila mtu aliyefundishwa kuikopesha vizuri ni wa kutafuta na taa.

Na sisi tuko hapa, na diploma za uchumi, za sheria, za biashara, tumekaa nyumbani.

Mnajua tangazo linavyosema: "Anatafutwa ajenti wa krediti, awe na miaka miwili ao mitatu ya kazi." Kila mmoja wetu ameuliza swali lile lile: hii miaka tutaitosha wapi? Na wale wenzetu waliobahatika kuingia wametuambia namna walivyofundishwa. Siku chache nyuma ya mzee wa kazi, kisha pikipiki, kisha hesabu ya wateja wa kuleta kila mwezi. Ukitoa mikopo mingi, unapata kitu juu ya mshahara. Mikopo ikikwama, shida ni yako. Hatutaji jina la nyumba yoyote. Tunasema juu ya namna kazi inavyofanywa, maana aliyefundishwa siku tatu hawezi kulaumiwa peke yake.

Anayelipa kosa hilo ni nani? Ni mama wa soko. Tufanye hesabu pamoja, tosheni simu zenu.

Tuseme mama anakopa dola 500 kwa miezi sita, faida 4 kwa mia kila mwezi. Kuna namna mbili za kuhesabu. Ya kwanza: faida inahesabiwa kila mwezi juu ya dola 500 zote, hata kama mama amekwisha kurudisha nusu. Hapo atalipa faida ya dola 20 mara sita, ni dola 120. Ya pili: kila mwezi anarudisha sehemu moja ya sita ya mkopo, na faida inahesabiwa juu ya kile kinachobaki tu. Hapo faida yote inakuwa dola 70. Mkopo ni ule ule, "4 kwa mia" ni ile ile, lakini tofauti ni dola 50. Kwa mama anayeuza samaki ya chumvi, dola 50 ni mafungu mangapi? Ajenti ambaye hakufundishwa hajui kumweleza mama tofauti hiyo. Wengine hawaijui wenyewe.

Hesabu nyingine. Mama anauza kwa franga, lakini amekopeshwa kwa dola. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu franga 1.600. Aliyekuwa na deni la dola 100 alihitaji franga 93.000, baadaye akahitaji 160.000 kwa deni lile lile. Hakuiba, hakunywa pombe, hakucheza karata. Ni franga iliyoanguka. Mtu aliyejifunza kazi anauliza kabla ya kusaini: mama, unauza kwa feza gani?

Tena kuna hesabu ya Kolwezi yenyewe, ambayo hata kitabu kutoka Kinshasa hakikufundishi. Hapa kila duka linakula kwa mgodi. Mwisho wa 2019 mgodi wa Mutanda ulisimama. Tarehe 22 Februari 2025 serkali ilisimamisha kutoa kobalti inje ya inchi. Siku kama ile, mchimbaji wa mikono anauza kwa bei ya chini, ao hauzi kabisa. Mama anayempikia hauzi chakula. Mwenye nyumba hapati kodi. Ajenti wa krediti wa Kolwezi anapaswa kufuata bei ya kobalti na ya shaba sawa vile mlimaji anavyofuata mvua, na kutokopesha soko zima juu ya mgodi mmoja.

Wazee wetu walikwisha kuona ukali wa jambo hili. Mwaka 2003, Gécamines ilitoa wafanyakazi zaidi ya 10.000 kwa njia ya kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alipewa feza yake mara moja, akaenda. Kuna waliofungua duka, kuna walionunua gari ya taksi, kuna waliolima. Mnawajua wengine, ni baba zetu na wajomba wetu. Wengi ile feza iliwaishia mikononi. Waliishi miaka mingi kwa mshahara na hospitali ya kampuni. Nani aliketi nao kuwaonyesha namna feza ya biashara inavyotenganishwa na feza ya nyumba? Feza bila mafundisho ilipita sawa maji katika kitunga.

Sasa tuseme juu ya sheria, maana hapa ndipo watu wanaumizwa zaidi.

Inchi yetu iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya OHADA juu ya kulipisha madeni inasema wazi: mali ya mtu haikamatwi kwa nguvu ya sauti. Inaomba ruhusa ya juji ao karatasi yenye nguvu ya tribinali, na inaomba mtu wa tribinali aliyewekwa kwa kazi hiyo. Ajenti anayeingia nyumbani saa moja ya usiku na kubeba friji hana haki hiyo, hata kama mama amechelewa miezi miwili. Na kumtupa mtu kasho kwa sababu tu hakuweza kulipa mkopo ni kinyume cha kifungu cha 11 cha Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Raia na za Siasa, ambayo inchi yetu iliingia tangu 1976. Juu ya nini mambo haya yanaendelea? Kwa sehemu ni kwa sababu mwenye kulipisha hakufundishwa, na mwenye kulipa hakuambiwa.

Lakini bakamarade, tusidanganyane. Hatusemi mkopo usilipwe. Ile feza ya mikrofinansi mara nyingi ni akiba ya mama mwingine. Wenye kazi wana kipimo chao: mteja akipita siku 30 bila kulipa, wanahesabu katika hatari deni lake lote lililobaki, si ile sehemu aliyochelewesha peke yake. Hatari hiyo ikipanda, mlango unafungwa kwa wote, hata kwa anayelipa vizuri. Kwa hiyo ajenti mwenye ujuzi anapiga simu siku ya kwanza ya kuchelewa, hangoji ya sitini. Anaenda kuona: ni ugonjwa? ni mali iliyokwama njiani? ni ujanja? Kila jibu liko na dawa yake. Kupanga upya miezi ya kulipa ni dawa. Kutukana mtu mbele ya watoto wake si dawa.

Kazi hii haiko banki tu. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi ilifungua mlango kwa kampuni za Wakongomani kuuzia na kutumikia migodi mikubwa. Lakini mwenye kampuni ndogo anapeleka mali leo, anapeleka fakture, kisha anangoja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakati huo wafanyakazi wake wanataka mshahara na lori inataka mazutu. Kampuni ile inahitaji mtu anayesoma kontra kabla ya kusaini, anayeandika siku ya kulipwa, anayefuata fakture kwa adabu na kwa karatasi. Hiyo nayo ni kazi ya krediti. Kuna nafasi za vijana hapo, na hakuna anayezitayarisha.

Wengine wanafanyaje? Kenya, kuna KASNEB, iliyoanzishwa 1969, inayotoa mitihani ya wahasibu. Iko pia na mtihani wa watu wa krediti peke yao. Unasoma hatua kwa hatua, unafanya mtihani, ukipita unabeba jina la kazi linalojulikana. Mwenye kukuajiri hakuulizi wewe ni mtoto wa nani; anauliza umefika hatua gani. Tanzania, watu wa banki wako na chuo chao, TIOB, na mtihani wake. Na sisi tangu Julai 2022 tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki yake ya Soko la Pamoja, katika kifungu cha 11, inasema inchi zikubaliane juu ya diploma na setifika za kazi. Ni vizuri. Lakini mkikubaliana, wewe unaweka nini mezani? Mwenzako wa Nairobi akija Kolwezi na setifika yake, wewe utaonyesha nini?

Msituambie kwamba Leta haiwezi. Kwa wahasibu iliweza: sheria ya tarehe 12 Februari 2015 iliunda ONEC, chama cha wahasibu wakubwa. Kwa mikrofinansi nako kuna sheria, na Banki Kuu ndiyo inayokubali ao kukataa wakubwa wa zile nyumba. Sawa. Lakini anayekutana na mama sokoni si mkubwa, ni ajenti. Sheria imechunga kichwa, ikasahau miguu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa sauti.

Moja: INPP, ambayo kazi yake tangu 1964 ni kutayarisha watu kwa kazi, na ambayo inapokea mchango wa makampuni juu ya mishahara, ifungue hapa Lualaba masomo ya krediti. Kusoma hesabu ya biashara ndogo, sheria ya OHADA, namna ya kuongea na mteja. Masomo ya jioni, kwa bei ambayo mtoto wa mchimbaji anaweza kulipa.

Mbili: Banki Kuu na nyumba za mikrofinansi wakubaliane juu ya mtihani mmoja na setifika moja inayojulikana kutoka Kolwezi mpaka Goma. Mtihani uwe wazi kwa kila mtu, majina ya waliopita yabandikwe ukutani.

Tatu: Kodi ya Migodi ya 2018 inaomba kila kampuni itoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Wanaokaa katika zile kamati waweke mafundisho ya akiba na mikopo katika mipango yao, kando ya visima na madarasa.

Ine: staji yenye mwisho na yenye malipo. Staji ya mwaka mzima bila nauli si mafundisho, ni kazi ya bure.

Na sisi wenyewe? Hatutakaa kungoja. Kila Jumamosi tutakutana, tutasoma ile sheria ya OHADA kifungu kwa kifungu, tutafanya hesabu sawa zile za leo. Kisha tutaenda sokoni wawili wawili, tusaidie wamama kusoma kontra zao kabla ya kusaini. Bila kuomba hata franga. Tutajifunza kwao pia, maana mama mwenye likelemba ya watu ishirini, inayozunguka miaka mingi bila kuvunjika, anajua kazi ya krediti kushinda wengi wetu wenye diploma.

Neno la mwisho, ni onyo. Kuna watu wanapita mitaani wakiuza setifika: siku mbili katika chumba cha hoteli, picha, koti, karatasi yenye rangi. Kabla ya kutoa dola ya mama yako, uliza maswali matatu. Nani anaitambua karatasi hii? Kuna mtihani ambao mtu anaweza kuanguka? Nani amekwisha kupata kazi nayo, na naweza kuongea naye? Kama jibu ni kicheko, rudisha feza mfukoni. Setifika ambayo hakuna anayeweza kuikosa haina bei yoyote.

Tulisoma. Wazazi wetu waliuza mashamba na magunia ya bukari ili tusome. Hatuombi kupewa kazi kwa huruma. Tunaomba njia iwekwe, mtihani uwekwe, tupimwe sawa sawa. Tukishindwa, tutarudi kusoma. Tukipita, mtuache tufanye kazi, na mama wa soko aweze kukopa bila kuogopa kubishwa hodi usiku.

Jumamosi, saa tisa. Njooni na kalamu na simu ya kuhesabia.