Mkimbiaji Aliyekuwa na Kaburi

(Hotuba ya mwalimu mmoja, mjumbe wa kamati ya jamii, iliyotolewa Lobule, Koboko, katika Siku ya Wakimbizi Duniani, kabla ya mbio za vijana. Inachapishwa kwa ombi la kamati.)



Nimepewa dakika kumi na tano. Kamati imetaka niwaeleze habari za Lopez Lomong, mkimbiaji wa mbio ndefu wa Marekani, kwa sababu alikuwa mkimbizi kama sisi. Nimekubali. Lakini kila mara habari zake zinaposimuliwa makambini huanzia kwenye bendera na kuishia kwenye bendera. Leo nitaanzia kwenye rundo la mawe.

Alizaliwa mwaka 1985, jina lake Lopepe, katika kijiji cha Kimotong, upande ule ambao sasa ni Sudan Kusini. Mwaka 1991, akiwa na miaka sita, alikuwa kwenye Misa pamoja na wazazi wake. Watu wenye silaha wakaingia, wakachukua watoto. Walifungiwa mahali ambapo wenzake wengi walikufa. Vijana watatu wa kijiji chao, wakubwa kuliko yeye, walimtoa usiku. Wakakimbia siku tatu wakidhani wanarudi nyumbani. Walipokamatwa na askari wa mpakani ndipo walipojua kwamba wameingia Kenya. Akapelekwa kambini, akakaa Kakuma karibu miaka kumi.

Huku nyuma wazazi walimtafuta wasimpate. Mwishowe wakamzika bila mwili. Waliweka mawe, wakalia, wakaanua matanga. Mtoto yuko Kakuma anacheza mpira, na kwao ana kaburi.

Naomba mliweke hilo moyoni, nitalirudia.

Sasa mbio. Pale Kakuma vijana walikuwa wengi kuliko nafasi uwanjani, wakajiwekea sheria: anayetaka kucheza mpira kwanza azunguke kambi mbio. Lomong amesimulia kwamba mzunguko huo ulikuwa kama kilomita thelathini. Hakuna aliyekuwa na saa mkononi wala aliyeita hayo mazoezi. Walikuwa wakila mara moja kwa siku.

Hapa nataka kusema jambo kwa heshima zote mbele ya wageni wetu. Nimesikia watu wakisema kwamba shida ndiyo iliyomfanya awe bingwa, kwamba njaa humkomaza mtoto. Si kweli. Njaa haijamfundisha mtu yeyote kukimbia. Tangu mgao ulipogawanywa kwa makundi mwaka 2023, mimi nawaona darasani watoto wanaolala juu ya daftari kabla ya saa nne, na sijaona hata mmoja aliyepata mwendo kwa sababu hiyo. Lomong alianza kushinda mashindano baada ya kupata meza yenye chakula, shule na kocha. Hayo yalimjia mwaka 2001. Kabla ya hapo alikuwa na miguu tu, na miguu hata sisi tunayo.

Mwaka 2000 ilikuwa Olimpiki ya Sydney. Lomong na wenzake walitembea kama kilomita nane kwenda kwa mtu mwenye televisheni, wakatoa shilingi tano za Kenya kila mmoja. Wakamwona Michael Johnson wa Marekani akishinda mita 400, kisha akalia machozi jukwaani. Kijana akarudi kambini na wazo moja, kwamba na yeye atakimbia kwa ajili ya nchi ile. Wale waliokuwa naye njiani bila shaka walicheka. Mimi ningecheka.

Baadaye ukaja mpango wa kuwapeleka Marekani vijana waliopotezana na wazazi. Ilitakiwa kila mmoja aandike habari za maisha yake kwa Kiingereza. Yeye, kama alivyosimulia mwenyewe, aliandika kwanza kwa Kiswahili, na rafiki zake wakamsaidia kugeuza. Mimi ni mwalimu wa lugha, mtanisamehe nikilitaja hilo kwa furaha kidogo. Mwaka 2001 akapokelewa na familia ya Rogers katika mji mdogo wa Tully, jimbo la New York.

Vijana, msije mkatoka hapa mkidhani ninawaambia mwandike insha ili mpelekwe. Waliochukuliwa kwa mpango ule walikuwa maelfu machache tu kati ya watu wengi mno, na mlango huo leo ni mwembamba kuliko ulivyokuwa. Nimelisema hilo mapema ili tusikilize yaliyobaki bila tamaa.

Alisoma sekondari, akaingia chuo kikuu, na mwaka 2007 akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mita 1500. Mwezi Julai mwaka huohuo akapata uraia. Mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda Olimpiki ya Beijing, na wanamichezo wenzake, Wamarekani wa kuzaliwa na wa kuhamia, wakamchagua abebe bendera ya nchi siku ya ufunguzi, tarehe 8 Agosti 2008.

Siku hiyo mimi niliiona. Nilikuwa Aba, kwetu Kongo, katika kibanda cha video, mchana, jenereta ikipiga kelele nje. Nilimwona kijana mweusi mwembamba, anacheka, amebeba bendera kubwa. Sikujua yeye ni nani. Jirani yangu kwenye benchi alisema, "Huyo ni Msudani huyo, tazama uso." Tukamwambia anyamaze.

Miezi minne baadaye, siku ya Krismasi, waasi wa LRA waliingia Faradje. Waliua watu na kuchukua watoto wengi. Mnaotoka huko mnajua, sina haja ya kueleza. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka tisa.

Nirudi kwa mkimbiaji. Beijing alifika nusu fainali, hakwenda mbele zaidi. Mwaka 2009 na 2010 akawa bingwa wa Marekani wa mita 1500. Kisha akaanza kurefusha mbio, akaenda mita 5000, na hapo kuna kisa ninachokipenda kuliko medali. Mwezi Aprili 2012, huko California, alikuwa anakimbia mbio zake za mita 5000. Akaongeza mwendo kwa nguvu zote, akawaacha wenzake mbali, akavuka mstari, akasimama. Kumbe alikuwa amehesabu vibaya. Ulikuwa umebaki mzunguko mmoja mzima! Wenzake wanakuja, watu wanapiga kelele, miguu imekwisha. Akaanza tena kukimbia, na akashinda, kwa dakika 13 na sekunde 11. Wazee husema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huyu aliufika ukingo, akauruka.

Mwaka huo alikimbia fainali ya mita 5000 London, akawa wa kumi. Mwaka 2013 akaweka rekodi ya Marekani ya mita 5000 za ndani ya ukumbi, dakika 13 na sekunde 7. Baada ya hapo ikaja miaka mibaya. Mwaka 2016 hakupata nafasi ya kwenda Rio. Wengi walidhani amekwisha, maana alikuwa na miaka 31.

Lakini Rio hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, watu kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma, walioandaliwa na bingwa wa Kenya, Tegla Loroupe. Wawili walikuwa wacheza judo wa Kongo yetu, Popole Misenga na Yolande Mabika, waliokuwa wakiishi Brazili. Aliyebeba bendera ya timu hiyo ni Rose Nathike Lokonyen, binti wa Kakuma. Yeye hakwenda Marekani kwanza wala kubadili uraia. Wasichana, nawaona pale nyuma mmesimama na ndoo. Jina lake ni Rose Nathike Lokonyen.

Na Lomong hakuwa amekwisha. Alihamia mita 10,000, mizunguko ishirini na mitano. Mwaka 2018 akawa bingwa wa Marekani. Mwaka 2019 akashinda tena, akashinda na mita 5000 katika mashindano yaleyale, na kwenye mashindano ya dunia ya Doha akawa wa saba kwa dakika 27 na sekunde 4. Miaka 34. Hakuwahi kupata medali ya Olimpiki. Nalisema wazi kwa sababu kuna kijana atakwenda kutafuta kwenye simu aniambie mwalimu ametudanganya. Alikuwa mtu wa nusu fainali, wa nafasi ya kumi na ya saba, na bingwa wa nchi yake mara tano, kwa muda mrefu kuliko walivyotazamia wengi.

Sasa lile rundo la mawe.

Mwaka 2003, akiwa bado mwanafunzi huko Tully, habari zilimfikia kwamba mama yake yu hai. Wakaonana mwaka 2007. Mwezi Desemba mwaka huo alikwenda Kimotong, na wazee wakafanya sherehe ya kumtoa kaburini. Waliyaondoa yale mawe naye akiwa amesimama pale. Miezi minane baadaye alibeba bendera Beijing. Yule niliyemwona Aba kwenye kibanda cha video alikuwa ametoka kaburini mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa nalalamikia kelele za jenereta.

Dada yangu hajaanua matanga. Tulivuka mpaka, tukaishi kwa watu Koboko, na Lobule ilipofunguliwa mwaka 2013 tukapewa kiwanja, naye hajaanua. Wazee wa ukoo wamemwambia mara nyingi: weka mawe, lia, maliza, upate usingizi. Sitaki kuwalaumu. Wana sababu yao. Mtu asiyemaliza kulia hawezi kulima, nami nimemwona dada yangu akisahau jembe shambani mvua ikinyesha. Wazazi wa Lomong waliweka mawe na hawakukosea, walifanya lililowezekana. Ila nawauliza wazee: mawe yaliyowekwa Kimotong yalimzuia nani kuendelea kuuliza?

Wenyeji wetu hapa wanalijua jambo hili kuliko sisi. Baada ya 1979 walikimbilia Sudan na kwetu Zaire kwa maelfu. Mzee mmoja wa hapa Koboko aliniambia kwamba aliporudi alikuta kaka yake aliyeliliwa matanga amekaa chini ya mti anasuka kamba. Alisema hakufurahi mara moja. Kwanza alikasirika.

Mwaka jana nilikwenda Arua na dada yangu kuuliza kama jina la mtoto bado limeandikwa mahali. Tulilala mjini siku mbili. Ofisi tuliyoelekezwa walitafuta, wakasema fomu ya zamani haionekani, pengine ilikuwa na makosa ya jina. Hakuna aliyetutukana. Tulipewa maji ya kunywa. Lakini mtoto alikuwa amepotea mara ya pili, kwenye karatasi. Tukaandika upya, na safari hii niliandika mimi mwenyewe: jina la baba, la babu, kijiji, kovu lililoko kwenye goti. Kama yu hai, ni mtu mzima sasa mwenye ndevu, na kovu halikui.

Ndugu zetu wa mashirika, ombi langu kwenu ni moja. Fomu inayojazwa hapa ibakishwe nakala yake hapa, mkononi mwa mama aliyeijaza. Hiyo si gharama kubwa.

Leo Msalaba Mwekundu wameweka meza chini ya mwembe ule, karibu na kisima. Wataandika majina ya waliopotezana mpaka saa kumi. Nimekwisha kukaa pale asubuhi na kuwasaidia kwa Kikakwa na Kiswahili, na nitarudi nikimaliza hapa. Anayeogopa kuandika vibaya aje tuandike pamoja. Anayetaka kuja bila wazee wa ukoo kumwona, apitie upande wa shule.

Mbio za wavulana na wasichana zinaanza sasa hivi, mizunguko kumi ya uwanja. Mwalimu wa michezo atahesabu kwa sauti. Uji upo kwa wote, wa kwanza na wa mwisho, na utanywewa kabla, siyo baada.